Kununua Pikipiki ya Spoti Iliyotumika na Kuifanya Injini Idumu: Mwongozo Kamili

Swali la kwanza la wanunuzi wengi ni "imetembea kilomita ngapi?" Ni swali halali, ila jibu lake halitoshi. Injini ya silinda nne yenye ukubwa wa cc 600, iliyobadilishwa oili kwa wakati na kuzoeshwa kupata moto kabla ya kuvutwa, inaweza kupita kilomita 80,000 bila kufunguliwa. Nyingine ya aina ileile yenye kilomita 15,000 tu inakuwa imekwisha, kwa sababu mwenyewe aliiendesha ikiwa na oili pungufu. Unachonunua hasa ni tabia ya aliyekuwa nayo kabla yako, na tabia hiyo huacha alama.

Chukua mfano wa Yamaha R6. Kipenyo cha silinda yake ni mm 67, na pistoni hupanda na kushuka mm 42.5. Injini ikizunguka mara 16,000 kwa dakika, pistoni inasafiri kwa wastani wa takriban mita 23 kwa sekunde, na katika kila mzunguko husimama na kugeuza mwendo mara mbili. Nguvu zote hizo hubebwa na beringi za kranki (shafti inayogeuza mwendo wa pistoni kuwa mzunguko), ambazo hazina golori. Ni vibati laini vya nusu duara, na kati yake na chuma cha kranki kuna nafasi isiyofika hata sehemu moja ya kumi ya milimita. Nafasi hiyo hujazwa na oili inayosukumwa na pampu. Ikikosekana kwa sekunde chache tu kwenye mizunguko ya juu, vibati huchanika. Karibu kila ushauri ulio hapa chini unatokana na jambo hilo moja.

Kabla ya kwenda kuiona

Soma kitabu cha modeli unayoitaka, angalau kurasa za matengenezo. Jua aina ya oili, muda wa kukagua valvu (vilango vinavyoingiza hewa na kutoa moshi kwenye silinda), na udhaifu unaotajwa mara kwa mara na mafundi wa modeli hiyo. Kisha mpigie muuzaji simu na umuulize: nani alikuwa anabadilisha oili, na aina gani? Valvu ziliwahi kukaguliwa? Imewahi kuanguka? Imewahi kukimbizwa kwenye uwanja wa mashindano? Funguo ziko ngapi? Mtu aliyeitunza pikipiki hujibu bila kufikiri sana, na mara nyingi atakuwa na risiti.

Maliza kwa ombi moja: asiiwashe kabla hujafika. Ni ombi dogo lenye faida kubwa, kwa kuwa injini baridi haifichi kitu.

Beba tochi, glovu, karatasi laini nyeupe, kioo kidogo cha mkononi na multimita (kipimo cha umeme). Kama wewe si fundi, nenda na fundi unayemlipa wewe, asiwe rafiki wa muuzaji.

Karatasi na namba

Namba ya fremu, kwa kawaida yenye herufi na tarakimu 17, huwa imegongwa kwenye shingo ya fremu pale hendeli inapozungukia. Namba ya injini iko kwenye kasha la injini. Zote mbili zilingane na kadi ya usajili. Herufi zisizo kwenye mstari mmoja, alama za kusagwa, au rangi mpya eneo hilo tu zikupe sababu ya kuondoka hapohapo. Injini iliyobadilishwa si dhambi, mradi karatasi zinasema hivyo.

Kwenye modeli za Yamaha zenye kinga ya wizi kuna ufunguo mwekundu unaotumika kusajili funguo nyingine. Uulizie. Ukipotea, na siku moja funguo za kawaida nazo zikapotea, italazimu kubadilisha mfumo mzima wa kinga hiyo, kazi ambayo si ya bei ndogo.

Ukaguzi ikiwa baridi

Weka kiganja karibu na injini na bomba la ekzosi, halafu gusa taratibu. Kukiwa na joto, muulize kwa nini iliwashwa. Huenda inawaka kwa shida ikiwa baridi, au inatoa moshi dakika ya kwanza. Omba kurudi siku nyingine asubuhi.

Kisha tafuta alama za kuanguka. Plastiki mpya zisikupumbaze, kwa sababu kava hubadilishwa kwa saa moja. Angalia vitu ambavyo watu husahau kubadilisha: ncha za hendeli, ncha za leva ya breki na klachi, vikanyagio, bomba la ekzosi kwa pembeni. Chini ya hendeli, kwenye shingo ya fremu, kuna vizuizi vidogo vinavyozuia usukani usipite kiasi. Vikiwa vimebonyea au kuvunjika, pikipiki hiyo ilipigwa kwa nguvu. Matundu madogo yaliyotobolewa kwenye vichwa vya bolti, hasa bolti ya kumwagia oili, huonyesha kwamba zilifungwa waya wa usalama kwa ajili ya mashindano. Pikipiki ya uwanjani si lazima iwe mbaya, na wapo wanaobadilisha oili kila baada ya siku chache za mbio. Lakini bei yake isiwe sawa na ya barabarani, na muuzaji asikufiche.

Makava mawili ya injini yaangalie kwa makini: upande mmoja hufunika koili za kuchaji, mwingine klachi. Yakikwaruzwa sana kwenye lami hutoboka na oili humwagika, na pikipiki ikilala injini ikiendelea kuunguruma, pampu huvuta hewa. Kava lililozibwa kwa gundi ya chuma linakuambia kwamba beringi za kranki huenda zilikaa bila oili kwa muda ambao hakuna anayeujua.

Sasa oili yenyewe. Simamisha pikipiki wima kabisa, isilalie stendi ya pembeni, na utazame kidirisha cha oili. Oili iwe kati ya mistari miwili. Nyeusi si tatizo. Nyeupe kama chai ya maziwa ni tatizo, kwani maji yameingia. Povu jeupe kidogo kwenye kifuniko cha kujazia peke yake laweza kuwa unyevu tu wa safari fupi, lakini kidirishani lina maana nyingine. Oili ikiwa chini ya mstari wa chini, jua kwamba mwenye pikipiki hakuwa anaangalia, na hapo historia yote aliyokusimulia inapungua uzito.

Fungua kifuniko cha rejeta (ikiwa baridi tu, kamwe si ikiwa moto). Kulanti (maji ya kupoozea injini) iwe na rangi safi. Utelezi wa oili juu yake, au rangi ya kutu, ni onyo. Chini ya pampu ya maji kuna kitundu kidogo: kikidondosha kulanti, sili ya maji imekwisha, kikidondosha oili, ni sili ya upande wa injini. Zote hutengenezeka, ila ziingie kwenye bei.

Muuzaji akikubali, inua tenki na ufungue kasha la filta ya hewa. Pitisha karatasi nyeupe upande wa ndani, ule hewa inakoelekea injini. Vumbi la upande wa nje ni kazi ya filta. Vumbi la upande wa ndani limekuwa likisaga ringi (pete za pistoni) na kuta za silinda. Wanunuzi wachache hufanya ukaguzi huu, nasi tunauona wa thamani kuliko kusoma kilomita kwenye dashibodi.

Kuiwasha

1. Fungua swichi bila kupiga stata. Taa ya oili na taa ya injini ziwake. Isiyowaka kabisa huenda imezibwa kwa makusudi.
2. Piga stata bila kuvuta mafuta. Injini nzima ya injekta hushika ndani ya sekunde chache. Taa ya oili izime mara moja. Kwenye baadhi ya modeli taa hiyo hupima kiwango cha oili, si shinikizo, kwa hiyo soma kitabu usije ukaiamini kupita kiasi.
3. Tazama ekzosi. Mvuke mweupe mwepesi unaoisha baada ya dakika chache ni wa kawaida. Moshi wa bluu wakati wa kuwaka, kisha ukapotea, ni sili za valvu. Moshi wa bluu unaoongezeka ukivuta mafuta ni ringi. Moshi mweupe usioisha wenye harufu tamu ni kulanti inayoungua, na mara nyingi gasketi ya kichwa ndiyo chanzo.
4. Sikiliza. Mlio wa mnyororo upande mmoja wa injini, unaosikika ikiwa baridi au kwenye mizunguko fulani tu, ni kikaza cha taiming cheni (cheni inayoendesha valvu). Kibadilishwe mapema, kwa sababu cheni ikiruka meno, valvu hugongana na pistoni. Mlio unaotoweka ukivuta klachi unatoka kwenye klachi au beringi ya shafti ya gia. Mgongano mzito wa "kong-kong" kutoka chini ya injini, unaofuata mizunguko, ni beringi ya kranki, na hapo funga mazungumzo.
5. Iache mpaka feni iwake yenyewe, kwa kawaida joto likiwa karibu nyuzi 100 hadi 105. Feni isiyowaka ni injini iliyokwisha kuungua au itakayoungua.
6. Weka multimita kwenye betri. Injini ikiwa imezimwa, betri nzima husoma volti 12.6 hadi 12.8. Ikiwa inawaka kwenye mizunguko 5,000, isome kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki kwenye 12, koili za kuchaji au rektifaya (kifaa kinachodhibiti umeme wa kuchaji) imekufa, ugonjwa wa kawaida mno kwa pikipiki hizi. Ikizidi 15, rektifaya inapika betri.

Kuijaribu barabarani

Jaribio muhimu kuliko yote ni gia ya pili. Injini ikiwa na moto, barabara ikiwa tupu, vuta mafuta kwa nguvu kwenye gia ya pili kutoka mizunguko ya kati hadi juu, achia, vuta tena. Gia ikichomoka, meno na uma za gia zimelika kwa sababu ya kubadili gia kwa pupa au kunyanyua tairi la mbele kila wakati. Kuitengeneza ni kutenganisha kasha zima la injini, na gharama yake mara nyingi huzidi faida ya bei uliyopunguziwa.

Kisha weka gia ya tano au ya sita kwenye mwendo wa wastani na uvute mafuta yote. Mizunguko ikipanda ilhali mwendo haupandi, klachi inateleza. Hiyo ni nafuu, kwani kubadili diski na springi ni kazi ya jioni moja. Isipokuwa kama inateleza kwa sababu mtu aliweka oili isiyofaa, jambo tutakalolirudia.

Breki, shokapu na matairi kagua haraka tu: sili za shokapu za mbele zisivuje, tairi lisiwe limekaa miaka mingi. Tarakimu nne za mwisho kwenye alama ya DOT zinasema wiki na mwaka, kwa mfano 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Hivi vyote hubadilishwa bila kugusa injini.

Kama pikipiki ni ya bei kubwa na bado una shaka, lipia kipimo cha kompreshini (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda). Injini iwe na moto, plagi zote zitolewe, mafuta yavutwe mpaka mwisho, stata ipigwe mpaka mshale wa geji uache kupanda. Tofauti kati ya silinda isizidi takriban asilimia 10 hadi 15. Silinda iliyo chini idondoshewe kijiko kidogo cha oili, kama mililita 5, na ipimwe tena. Ikipanda, ringi zimechoka. Isipopanda, valvu hazifungi au gasketi imepasuka.

Wiki ya kwanza baada ya kununua

Usiamini "nimebadilisha oili juzi tu". Anza upya: oili na filta yake, kulanti, mafuta ya breki, filta ya hewa, na plagi zikaguliwe. Oili hubadilishwa hivi:

1. Endesha kama dakika kumi ili oili ilegee, kisha zima na usubiri dakika tano.
2. Simamisha pikipiki wima, weka beseni, fungua bolti ya chini. Pokea oili ya mwisho kwenye kitambaa cheupe na uitazame kwenye mwanga. Uji wa kijivu kwenye sumaku ya bolti ni kawaida. Vipande vinavyong'aa, hasa vya rangi ya shaba au vile sumaku isivyovivuta, huenda ni beringi.
3. Fungua filta ya zamani, ikate, na ukunjue karatasi yake. Filta inasema ukweli zaidi ya mtu yeyote.
4. Paka oili mpya kwenye mpira wa filta mpya, ifunge kwa mkono mpaka iguse, kisha zungusha robo tatu ya mzunguko, au kama kitabu kinavyosema.
5. Weka wosha mpya kwenye bolti na uikaze kwa torki spana (spana inayopima nguvu ya kukaza). Modeli hutofautiana sana, kati ya Nm 20 na 43, na kasha ni la alumini. Nyuzi zilizong'oka ni matokeo ya kukaza kwa hasira.
6. Jaza. Nyingi za cc 600 huchukua kati ya lita 2.5 na 3.5 ukibadili na filta. Washa dakika mbili, zima, subiri dakika chache, pima ikiwa wima. Kuzidisha nako kuna madhara: oili hugeuka povu na kurudi kwenye kasha la filta ya hewa.

Aina ya oili: kwa modeli nyingi ni 10W-40 yenye alama ya JASO MA au MA2 (kiwango cha Kijapani cha oili za pikipiki). Alama hiyo ni ya lazima kwa sababu klachi ya pikipiki hizi huogelea kwenye oili ileile ya injini. Oili ya gari yenye maandishi Energy Conserving au Resource Conserving ina viungo vya kupunguza msuguano, na diski za klachi huishi kwa msuguano. Ndiyo maana klachi nyingine "mbovu" hupona kwa kubadilishiwa oili tu, ingawa si zote.

Baada ya hapo badilisha kila kilomita 5,000 hadi 6,000, au mara moja kwa mwaka hata kama hukuifikisha. Vitabu vingine huruhusu zaidi. Oili ni rahisi kuliko kranki.

Mkono wako

Mizunguko ya juu haiui injini hizi, zimeundwa kwa ajili yake. Mizunguko ya juu ikiwa baridi ndiyo inayoua. Pistoni hupata moto haraka kuliko silinda, kwa hiyo hutanuka kabla ya nyumba yake, na oili nzito haijafika kila mahali. Washa, subiri nusu dakika, anza kwenda taratibu chini ya mizunguko 5,000. Kuiacha ingurume dakika kumi mlangoni hakusaidii kitu, kwani petroli isiyoungua huosha kuta za silinda na kuingia kwenye oili. Geji ikifika nyuzi 60 au 70, kumbuka hiyo ni kulanti, oili iko nyuma. Ongeza dakika tano hadi kumi kabla ya kuvuta kikamilifu.

Kinyume chake pia kina madhara. Kuivuta kwa nguvu kwenye gia ya sita na mizunguko 2,500 huzipa beringi mzigo mkubwa wakati shinikizo la oili ni dogo. Shusha gia.

Kunyanyua tairi la mbele huipeleka oili yote nyuma ya kasha, na mdomo wa pampu huweza kubaki mtupu huku injini ikizunguka kwa kasi. Ukiwa na oili iliyo karibu na mstari wa chini, hatari huongezeka maradufu. Jambo jingine ni kushusha gia mbili kwa wakati mmoja kwenye mwendo mkubwa: kizuia mizunguko hukata mafuta na moto tu, hakiwezi kuzuia tairi la nyuma lisiizungushe injini kupita mwisho wake. Valvu hushindwa kurudi kwa wakati na pistoni huzigonga.

Pima oili kila kilomita 500, na kila mara kabla ya safari ndefu. Injini za mizunguko mingi hula oili kidogo, hasa kwenye mwendo kasi, na hilo pekee halimaanishi zimekwisha. Ila anayesubiri taa iwake ndipo aongeze amechelewa.

Hewa, joto na valvu

Filta ya hewa ikaguliwe kila kilomita 6,000, na nusu ya hapo kwenye vumbi. Filta za kuoshwa na kupakwa mafuta hupitisha hewa vizuri, lakini zikipakwa kidogo hupitisha na vumbi, hivyo ya karatasi ya kiwandani inatosha. Ukiweka ekzosi ya wazi, mchanganyiko huweza kuwa na petroli pungufu na moto mkali zaidi. Urekebishwe kwenye kompyuta ya injini, usiachwe hivyohivyo kwa sababu tu "sauti imekuwa tamu".

Kulanti ibadilishwe kila miaka miwili hadi mitatu: nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa kwa mvuke, aina isiyo na silika, kwani silika husaga sili ya pampu. Maji ya bomba huacha magaga. Kwenye msongamano, nyuzi 100 na ushee si jambo la kutisha. Ikipanda kuelekea 120, simama na uzime.

Valvu ndizo zinazosahaulika zaidi. Nyingi za Kijapani za cc 600 hutaka zikaguliwe kati ya kilomita 24,000 na 26,000, Yamaha R6 huvumilia hadi 42,000, na ndogo kama Ninja 250 mapema zaidi. Kadiri muda unavyokwenda, valvu huzama kwenye kiti chake na nafasi ndogo iliyoachwa kati yake na kamu inayoisukuma hupungua, za kutolea moshi hasa. Nafasi ikiisha, valvu haifungi sawasawa ikiwa na moto, haipozi, na ukingo wake huungua. Hatari ni kwamba haipigi kelele. Kinyume chake, injini hunyamaza zaidi, mwenyewe anafurahi. Valvu inayogonga kidogo ni afadhali kuliko iliyokaza. Dalili za mwanzo ni kuwaka kwa shida ikiwa baridi na kuunguruma kusikotulia.

Ikikaa bila kutumika

Ikiwa haitaendeshwa kwa mwezi au zaidi, badilisha oili kabla ya kuiweka, kwa sababu oili chafu ina asidi inayokula beringi. Jaza tenki mpaka juu ili unyevu usipate nafasi, na weka kihifadhi cha petroli. Toa betri au iunganishe na chaja inayojizima yenyewe. Usiiwashe kwa dakika tano kila wiki: haifikii moto wa kukausha unyevu, na unachoongeza ni maji kwenye oili. Ama iendeshe nusu saa nzima, ama iache ilale.